Jambo la ghafla halisubiri ufikiri



Dominika hii nakuomba tupime muda. Mtoto wa miaka minne anapita na kikombe cha chai, anajikwaa, chai inamwagika juu ya daftari la hesabu za duka ambalo umekesha nalo usiku mzima. Ni muda gani unapita kati ya chai kumwagika na mkono wako kuinuka? Bodaboda anakukatia mbele barabarani, unakanyaga breki kwa nguvu zako zote. Ni muda gani unapita kati ya breki na tusi? Sokoni mtu anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" na kijana mmoja anatimua mbio. Ni muda gani unapita kati ya kelele hiyo na jiwe la kwanza?

Sekunde moja. Mbili. Tatu ni nyingi.

Sasa jiulize: katika sekunde hizo ulipata wapi nafasi ya kufikiri? Ulizikumbuka saa ngapi Amri Kumi za Mungu? Ulimwomba saa ngapi Roho Mtakatifu akuangazie? Ukweli ni kwamba hukufikiri. Ulishtukia mkono umeshapiga, mdomo umeshatamka, mguu umeshakimbia. Akili ilifika baadaye, kama mgeni anayebisha hodi wakati watu wameshamaliza kula.

Nalileta jambo hili kwenu waumini kwa sababu linawaumiza watu wa sala kuliko watu wengine. Asiyejali hajiulizi. Lakini mama anayesali rozari kila jioni, ambaye asubuhi alimrushia mtoto wake neno la kumdhalilisha, anabaki na swali zito: "Mimi ni nani hasa? Ni yule anayepiga magoti kanisani, au ni yule wa sekunde zile?" Swali hilo linastahili jibu, na jibu lina pande mbili: upande unaofariji na upande unaodai.

Tuanze na mwili, kwa sababu Mungu ndiye aliyeuumba. Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba ndani ya kichwa kuna sehemu ndogo yenye umbo kama la tunda la lozi, iitwayo amigdala, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua hatari. Hatari inapotokea, mwili hautumi barua ukasubiri majibu. Homoni ya adrenalini inamwagika katika damu, moyo unapiga haraka, misuli inakaza. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso ambayo hupima, hulinganisha na kupanga, hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana katika hofu kubwa mtu anaweza kusahau hata namba yake ya simu. Wengine hukimbia, wengine hupigana, na wengine hupigwa na bumbuwazi, miguu ikafa ganzi.

Usiuone mpango huo kuwa kosa la Muumba. Unapogusa sufuria ya moto, mkono unarudi kabla hujajua kwamba umeungua. Kama mkono ungesubiri akili ijadiliane, ungeiva. Tumeumbwa na mlango wa haraka na mlango wa polepole, na yote miwili ni zawadi. Matatizo huanza tunapodhani kwamba katika dakika ya dharura mlango wa polepole utakuwa wazi. Hautakuwa wazi.

Kuna watu ambao kazi yao imewalazimisha kuukubali ukweli huu. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya abiria iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, nchini Marekani, ikiwa na watu 155. Dakika chache baadaye iligongana na kundi la bata bukini, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani, Kapteni Chesley Sullenberger, na msaidizi wake Jeffrey Skiles walikuwa na takriban sekunde 208, yaani kama dakika tatu na nusu, kutoka pale ndege wale walipogonga injini hadi kutua juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 walitoka wakiwa hai.

Tazama jambo moja. Marubani wana orodha maalumu ya hatua za kufuata injini zote mbili zinapozimika. Lakini orodha ile ilikuwa ndefu, na iliandikwa kwa ajili ya ndege iliyo juu sana angani, yenye muda wa kutosha. Skiles aliianza, muda haukumruhusu kuimaliza. Sullenberger yeye aliwasha jenereta ndogo ya akiba mapema, bila kungoja zamu yake katika orodha, na hatua hiyo iliisaidia ndege kubaki na umeme. Je, alikuwa na akili nyingi kuliko wengine katika sekunde zile? Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwa mfano wa benki: kwa miaka 42 alikuwa akiweka akiba ndogondogo za mafunzo na uzoefu, na siku ile akaenda kutoa kiasi kikubwa kwa mara moja. Sisi wazee wetu walishasema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Na hapa kwetu, Dominika ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Kumi na tisa walifariki, nasi tunaendelea kuwaombea; ishirini na wanne waliokolewa. Miongoni mwa waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia yao. Hakuna mvuvi aliyewahi kufundishwa kuokoa abiria wa ndege. Lakini ziwa lile walilifahamu. Kugeuza mtumbwi, kusoma upepo, kutoliogopa jina la maji, hayo walikuwa wameyafanya usiku baada ya usiku, wakitafuta samaki tu. Siku ya watu ilipofika, mikono iliyozoea samaki ilijua la kufanya.

Somo liko hapo, ndugu yangu. Dakika ya ghafla haitengenezi kitu kipya ndani yetu. Inafungua ghala na kutoa kile ilichokikuta.

Kanisa limelijua jambo hili muda mrefu kabla ya wataalamu wa ubongo. Katika seminari tulifundishwa neno moja la Kilatini, habitus. Maana yake si mazoea ya kawaida tu, kama mtu aliyezoea kunywa chai saa kumi. Ni hali iliyojengeka ndani ya mtu, ikawa kama sehemu ya maumbile yake, hata akatenda jambo kwa wepesi na bila kusukumwa. Hali hiyo ikielekea kwenye wema tunaiita fadhila. Ikielekea kwenye uovu tunaiita kilema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1803, inaieleza fadhila kuwa ni mwelekeo wa kudumu na thabiti wa kutenda mema. Zingatia maneno hayo mawili: wa kudumu na thabiti. Wema wa mara moja kwa mwaka, wakati wa Kwaresima, haujawa fadhila bado.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha Summa Theologiae, aliuliza swali linalotuhusu moja kwa moja: je, ushujaa unaonekana zaidi katika mambo ya ghafla? Alimfuata mwanafalsafa Aristotle, aliyekuwa ameona kwamba mtu asiyetetereka katika hatari ya ghafla ni shujaa kuliko yule aliyeijua hatari mapema, akajipanga. Thoma akaweka mambo sawa. Shujaa hujiandaa, hutafakari hatari kabla haijaja. Lakini fadhila iliyokwisha kukita mizizi hujidhihirisha zaidi katika jambo la ghafla, kwa sababu pale hakuna muda wa kujipamba. Ukinipa wiki moja ya kujiandaa, naweza kuonekana mpole. Nikanyage mguu ghafla ndani ya daladala, ndipo utajua kama upole umo.

Sasa twende kwenye Injili, kwa sababu humo yumo mtu ambaye sekunde zilimwaibisha, naye ni mkubwa wa Mitume.

Usiku wa Alhamisi Kuu, Petro alikuwa na nia njema. Tusimwonee. Alipoahidi kumfuata Bwana hadi gerezani na hadi kifoni, hakuwa mnafiki. Alifikiri, akaamua, akatamka. Akili yake ilikuwa pamoja na Yesu. Lakini Yesu alijua kwamba uamuzi wa mezani peke yake hautoshi, na ndiyo maana kule Gethsemane aliwaambia wakeshe na kusali wasije wakaanguka, kwa kuwa roho ina nia lakini mwili ni dhaifu. Ile ndiyo ilikuwa saa ya polepole. Palikuwa na utulivu, miti ya mizeituni, na muda wa kutosha. Yesu aliitumia kusali. Injili ya Mathayo inasema alisali mara tatu akirudia maneno yaleyale. Petro aliitumia kulala.

Kisha ikaja saa ya haraka. Mienge, panga, marungu, busu la msaliti. Kila mmoja akatoa kilichokuwemo ghalani. Petro akachomoa upanga akamkata Malko sikio, kisha saa chache baadaye, karibu na moto wa makaa, swali la kijakazi mmoja lilitosha kumfanya aseme kwamba hamjui Yesu. Mtu yuleyule, usiku uleule, mara anapigana na kundi zima, mara anamkimbia msichana. Je, hapo kuna uamuzi wowote? Hapo kuna mwili uliokosa mtu wa kuushika hatamu.

Mtazame Yesu katika saa hiyohiyo. Katikati ya vurugu, Luka anatuambia, aligusa sikio la yule mtumishi akamponya. Hebu fikiri: watu wamekuja kukukamata, mmoja wao anavuja damu, na mkono wako unanyooka kuponya. Na pale msalabani, maumivu yalipoziba kila nafasi ya kutafakari, maneno aliyolia yalikuwa maneno ya Zaburi: ya 22, kama wanavyosimulia Marko na Mathayo, na ya 31, kama anavyosimulia Luka. Hayo ndiyo maneno ambayo watoto wa Wayahudi walikua wakiyasikia na kuyasali. Mwana wa Mungu mwenyewe, katika ubinadamu wake, alipofika ukingoni alisali kwa maneno yaliyokuwa yamekaa moyoni mwake tangu zamani.

Kwa hiyo usiwadharau watoto wa katekesimu wanaokariri sala kwa sauti moja bila kuelewa kila neno. Nimewapelekea wagonjwa Sakramenti ya Mpako kwa miaka mingi, na nimeona wazee waliosahau majina ya watoto wao wakimalizia Salamu Maria bila kukosea. Samaki mkunje angali mbichi.

Ndugu msomaji, hapa natakiwa kusimama kwanza na wale wenye majeraha.

Wako miongoni mwenu watu wanaoishi na sekunde moja ya miaka iliyopita. Dereva ambaye mtoto aliingia barabarani mbele yake ghafla. Baba aliyemwona mwanawe akiteleza mtoni, miguu ikakataa kusogea. Dada aliyevamiwa usiku, sauti ikakwama kooni, na tangu siku ile jamaa wanamuuliza, "Mbona hukupiga kelele?" Naye anajiuliza hivyohivyo kila siku. Nimekaa na watu wa namna hii kwenye mikeka ya misiba na kwenye ofisi za parokia. Wanajihukumu kana kwamba katika sekunde ile walikuwa na meza, kalamu na karatasi, wakachagua vibaya.

Sikilizeni mafundisho ya Kanisa. Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya kutojua, kutozingatia, kushurutishwa, hofu na mambo mengine ya namna hiyo. Wanateolojia wa maadili tangu zamani wamezungumzia mwendo wa kwanza wa moyo, ule mshtuko unaokuja kabla ya akili na utashi, nao hawakuuhesabu kuwa dhambi ya mauti. Mwili uliokufa ganzi kwa hofu haukufanya uamuzi. Dada yangu, sauti yako haikukataa kukutetea. Ilifungwa na hofu. Baba, miguu yako haikumkana mwanao. Huna sababu ya kujiita mwuaji au mwoga. Mlilie mtoto, lakini acha kujishtaki. Na ninyi ndugu na majirani, lile swali la "mbona hukupiga kelele" msiliulize tena. Ni jiwe.

Huo ndio upande unaofariji. Upande unaodai uko pia, na tusiukwepe.

Yupo mume anayempiga mke, kisha anasema, "Hasira zilinizidi, sikujua ninachofanya." Pengine anasema kweli kuhusu sekunde ile. Lakini mimi namuuliza kuhusu saa nyingine: nani alikupeleka kilabuni kila jioni? Nani alikaa miaka kumi akiacha kila hasira ndogo ipite bila kuikemea? Mbona bosi wako anapokukasirisha mkono hauinuki? Hata sheria ya nchi yetu inatenganisha mambo haya. Kanuni ya Adhabu inatambua kwamba mtu anaweza kuua kwa kuchokozwa ghafla, kabla hasira haijapoa, na hapo kosa huwa ni kuua bila kukusudia. Lakini kosa linabaki kuwa kosa, na jela inabaki kuwa jela. Sekunde inaweza kuwa haikuwa mikononi mwako. Miaka iliyoizaa ilikuwa mikononi mwako.

Na lipo jambo la kutisha zaidi, nalo magazeti yetu yamelipatia jina: "wananchi wenye hasira kali". Tunasoma kwamba kijana aliyeshukiwa kuiba kuku au simu ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Tunafungua ukurasa unaofuata. Lakini wananchi hao ni nani? Baadhi yao Dominika walikuwa kanisani. Wana namba za bahasha za zaka. Wengine ni wanakwaya. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akasema, leo nitaua. Kelele zilipigwa, watu wakakimbia, mkono ukaokota kitu. Kundi lina kasi kuliko mtu mmoja, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ameshafikiri.

Yohane, sura ya nane, anatupeleka kwenye kundi la namna hiyo. Mwanamke amesukumwa katikati. Kosa limeshatajwa, sheria imeshatajwa, na wote wanadai jibu sasa hivi. Yesu anafanya nini? Anainama. Anaandika chini kwa kidole. Wahubiri wengi wamejaribu kukisia aliandika nini, Injili haisemi. Mimi naona zaidi kile alichokifanya kuliko alichokiandika. Alikataa kwenda kwa kasi yao. Wakaendelea kumsonga. Akainuka, akawaambia neno moja kwamba asiye na dhambi ndiye aanze, akainama tena akaendelea kuandika. Akawapa muda. Akawarudishia ule mlango wa polepole waliokuwa wameupoteza. Ndipo kundi likavunjika, likawa watu tena. Wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee.

Mkristo mmoja anayeinama anaweza kuokoa maisha. Sisemi ujirushe mbele ya umati kama huna uwezo. Nasema usiongeze kasi. Piga simu polisi, mwite mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, uliza kwa sauti, "Nani amemwona akiiba?" Swali linapunguza mwendo. Lakini swali hilo halitakujia siku hiyo kama hukuliweka moyoni kabla. Liweke leo.

Basi tujiandae vipi? Nina mambo manne.

La kwanza, amua kabla. Akili haifanyi kazi vizuri katika sekunde tatu, lakini sasa hivi, ukiwa na gazeti mkononi, inafanya kazi. Itumie. Mwambie Mungu waziwazi: mtoto wangu akikosea nitashusha mikono kwanza, nikitumiwa ujumbe wa kuudhi kwenye simu sitajibu usiku, kelele za mwizi zikipigwa sitaokota kitu. Uamuzi uwe mdogo na wenye sura. Petro aliahidi kufa, ahadi kubwa mno. Ingemfaa zaidi kuahidi kwamba hatalala.

La pili, uzoeshe mwili. Sisi Wakatoliki tunapiga magoti, tunafanya ishara ya msalaba, tunakaa kimya baada ya Komunyo. Mwili unajifunza hapo. Vivyo hivyo nyumbani: mwenye familia awaonyeshe watoto mlango wa kutokea moto ukiwaka, jumuiya ndogo ndogo imwite mtaalamu wa huduma ya kwanza awafundishe siku moja kwa vitendo, si kwa maneno. Mkono uliofanya jambo mara ishirini utalikumbuka wakati kichwa kimesahau.

La tatu, chagua sala fupi, uisali mara nyingi mpaka ikuzoee. Jina la Yesu peke yake linatosha. Lisali unapowasha jiko, unaposubiri daladala, unapofunga duka. Sala ndefu ni nzuri, lakini katika hatari utapata nafasi ya pumzi moja tu. Pumzi hiyo iwe na mwenyewe.

La nne, fanya uchunguzi wa dhamiri kila jioni, kama alivyofundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Usitafute dhambi kubwa tu, tafuta sekunde. Leo nilishtuka wapi? Nilitoa nini? Ukiona uliteleza, usikae ukijipiga kifua usiku kucha. Omba msamaha kwa Mungu, omba msamaha kwa uliyemuumiza, hata kama ni mtoto, kisha jiulize utafanya nini kesho. Hivyo ndivyo ghala linavyojazwa upya.

Wapo waliolijaza wakatuachia ushuhuda. Mwishoni mwa Julai 1941, katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz, wafungwa kumi walichaguliwa wafe kwa njaa. Mmoja wao alilia akitaja mke na watoto wake. Padri Maximilian Kolbe, ambaye hakuchaguliwa, alitoka mstarini akaomba achukue nafasi yake. Hakuwa na siku ya mafungo ya kulitafakari jambo hilo. Alikufa tarehe 14 Agosti 1941. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mtakatifu mwaka 1982, mtu yule aliyeokolewa alikuwepo akiwa mzee. Hatua zile chache za kutoka mstarini zilianza kupigwa miaka mingi nyuma, katika sala na katika kujinyima kudogo ambako hakuna aliyekuona.

Lakini wengi wetu si Kolbe. Wengi wetu ni Petro, na kwetu Injili ina ukurasa mmoja zaidi. Baada ya ufufuko, kando ya ziwa, Yohane anasema kulikuwa na moto wa makaa. Moto wa makaa uleule aliokwisha kuutaja pale uani, usiku wa kumkana Bwana. Petro lazima aliunusa moshi wake akakumbuka. Yesu hakumuuliza, "Mbona ulinikana?" Alimlisha kwanza. Kisha, kwa utulivu, akamuuliza mara tatu kama anampenda. Kwa majibu matatu ya haraka yaliyotoka kwa hofu, alimpa nafasi ya majibu matatu ya polepole yatokayo kwa upendo. Na baada ya kila jibu akamkabidhi kondoo.

Petro hakubaki mtu wa sekunde zile. Mapokeo ya Kanisa yanatuambia kwamba saa ya Roma ilipofika, hakumkana tena.

Kwa hiyo mama wa rozari, ukiuliza wewe ni nani hasa, jibu ni hili: wewe ni yule ambaye Bwana anazidi kumuuliza kando ya moto, na leo una muda wa kumjibu. Katika Salamu Maria tunamwomba Mama wa Mungu kwa ajili ya nyakati mbili tu, huu tulio nao na ule wa kufa kwetu. Ule wa pili huenda ukaja ghafla. Huu wa kwanza uko mikononi mwako, nao unakwenda polepole. Utumie.

Nakutakia Dominika njema. Mungu akubariki wewe na nyumba yako.